Kimea Hunywa Kabla ya Mkwe

Mpendwa mwanangu Skola,

Marahaba. Najua ungekuwa hapa mlangoni ungeshaniamkia kabla hujavua kandambili, basi shikamoo yako nimeipokea kutoka huko huko uliko, na mkono wangu uko juu ya kichwa chako. Mimi ni mzima wa kutembea na kupika. Baba yako anakusalimu. Mguu wake ule ulioangukiwa na gunia bandarini unamsumbua mvua ikikaribia, lakini mdomo hauumwi, anaongea kama kawaida yake. Bibi yako anakusalimu. Macho yamezidi kufifia, sasa ananitambua kwa kikohozi, na amesema nikuandikie kwamba hajafa, usije ukasikia maneno ya watu. Kaka yako Gaspa anakusalimu, yuko Kibirizi kwenye dagaa, anarudi ananuka samaki, anakula, analala. Odilia anakusalimu sana, amehamia kwenye kitanda chako na anasema hakirudishwi. Bi Zuhura jirani yetu, huyu anayekuletea barua, anakusalimu ingawa atakusalimu tena mwenyewe mpaka uchoke. Nasi sote tunamsalimu mumeo Renovati, na mjukuu wangu Anjela umbusu kwenye unyayo, pale palipo laini.

Baada ya salamu, mwanangu, nakuandikia mwenyewe kwa mkono wangu. Odilia alitaka kunishikia kalamu nikamkatalia. Elimu yangu ya ngumbaru unaijua, herufi zangu zinatembea kama kuku aliyefungwa mguu, lakini maneno haya siwezi kumpa mdogo wako ayaandike. Yasome taratibu. Na usiyasome kwa sauti mama mkwe wako akiwa karibu.

Bi Zuhura alirudi wiki mbili zilizopita kutoka kuuza dagaa kwenye soko la hapo kambini kwenu. Kwa kawaida akishuka kwenye lori anakwenda kwake kuoga kwanza. Safari hii alikuja moja kwa moja na vumbi lake, akaketi kwenye kigoda changu bila kukaribishwa.

"Mama Skola," akasema, "nina neno, ila nipe maji kwanza."

"Neno la kifo?"

"Si la kifo. La pombe."

Nikamwambia, "Zuhura, wewe na pombe wapi na wapi?"

"Ndiyo ujue lilivyo kubwa, mpaka limenifikia mimi."

Akanywa, akanieleza. Nami nakurudishia kama nilivyosikia, uniambie kama kuna uongo ndani yake.

Amesema mama yake Renovati ametokea. Miaka yote hii tulijua amekufa, kumbe alikuwa kambi nyingine, akasikia mwanawe yupo, akahamishiwa hapo kwenu pamoja na shemeji zako wawili. Nilimshukuru Mungu kusikia hivyo. Nakumbuka Renovati alipokuja kwetu kukuposa, fundi viatu wa Gungu asiye na mtu, ameazima mzee mmoja wa Kirundi asimame kama baba yake. Yule mzee alisahau hata jina la kijana anayemposea. Baba yako alicheka mpaka akakubali. Hakukuwa na mama wa kukupokea upande wa pili, nasi tukasema haidhuru, tukakufanyia sherehe ya upande mmoja, ukaishi naye Ujiji. Halafu wakimbizi wa mjini wakakusanywa kupelekwa kambini, na wewe ambaye hukuwa mkimbizi wa popote ukafunga godoro lako ukapanda lori na mumeo. Nilikimbia nyuma ya lile lori na kitenge cha mtoto ulichokisahau. Sikulifikia. Kitenge kipo.

Sasa Bi Zuhura anasema mama mkwe alipofika alikutazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema hana ubaya na wewe, lakini hajakupokea. Kwao mke anapokelewa kwa pombe ya mtama aliyoipika kwa mkono wake, ile wanayoiita impeke. Mtungi unawekwa katikati, mama mkwe anatumbukiza mrija wake wa kwanza, ananywa, kisha mrija ule ule anampa mkwe wake. Akishampa, yamekwisha, wewe ni mtoto wao. Asipompa, hajapokelewa. Na wao wanajiandaa kurudi kwao Burundi, na amesema mbele ya watu kwamba hawezi kurudi na mwanamke asiyemjua.

Ukapika. Wageni wakaja, wakakaa kuuzunguka mtungi. Mama mkwe akavuta mrija mara moja, akautoa, akaufuta kwa upindo wa kanga, akauweka kwapani.

"Asante kwa maji," akasema. "Nilikuwa na kiu."

Bi Zuhura anasema watu walicheka, na Renovati aliangalia chini. Halafu yule mama akasema utapika mara moja tena, asije akaambiwa ni mkorofi. Mara moja tu.

Nilipouliza ilikuwaje, Bi Zuhura akaniambia ulivyofanya, na hapo nikajua yote. Ulitaka pombe ya madumu mawili, ukamwaga maji madumu mawili. Likatoka dumu moja na kidogo. Ukaona wageni ni wengi, ukashikwa na hofu, ukaanza kumimina maji juu ya machicha, ukamimina, ukamimina, mpaka mtungi ukajaa. Na maji yenyewe uliyapanga foleni tangu alfajiri, huwezi kuyaacha yakae bure. Ikawa ni ya kuoshea vyombo.

Mwana wanje, unakumbuka ulipokuwa mdogo, hujaanza hata shule? Nilikuwa nachuja pale uani Katubuka, wewe umechuchumaa karibu na kikapu cha kuchujia, umeniona natia ndoo nzima ya maji, ukaona inayotoka ni nusu. Ukasimama ukatazama kila upande.

"Mama," ukasema, "nani ameiba maji?"

"Hakuna aliyeiba. Kimea kimekunywa."

"Kimea kina mdomo?"

"Kina mdomo, tena kinakunywa kabla ya wageni."

Kutwa nzima ulikaa ukiinamia yale machicha, unataka uone mdomo wake. Baba yako alipokuja ukamwambia, "Baba, usikae karibu, kitakunywa chai yako." Tulilisema jambo hilo nyumbani kwa miaka. Lakini hapa kwetu maji hayakuwa shida. Yakipungua nilikuambia "Skola, ongeza," ukakimbia bombani ukarudi. Nilipika kwa jicho, na jicho huwezi kulifunga kwenye kitambaa ukamtumia mtu. Huko kwenu dumu moja ni foleni ya asubuhi nzima. Kwa hiyo lazima uyajue maji yako yote kabla hujawasha moto, ya kwanza na ya pili.

Siku ile ile niliroweka mtama. Nikauotesha ndani ya majani ya mgomba, nikakesha na wasiwasi usije ukavunda, maana mvua ilikuwa inanyemelea. Ulipoota mizizi nikauanika kwenye mkeka. Bibi yako akakaa pembeni na fimbo kufukuza kuku asiowaona, akawa anampiga Odilia. Umekauka vizuri, nimeusaga, na kiroba alichokuja nacho Bi Zuhura ni hicho. Alipokiona alikunja uso.

"Mimi nimeambiwa ni unga wa uji," akasema. "Nikiulizwa na Mungu, nitasema niliambiwa na Mama Skola."

"Na ni wa uji kweli, ukiunywa mapema."

"Hapo hapo ishia. Usinieleze zaidi."

Sasa nikuambie lililonifanya nichelewe kuandika. Mchana mmoja tulikuwa tunakula, kimea kiko pale kwenye mkeka, baba yako akakiangalia akaacha kula.

"Kwani pombe ikikataa, kuna nini?" akasema. "Mtoto anarudi nyumbani. Kitanda chake kipo."

"Kina mwenyewe," akasema Odilia.

"Wewe nyamaza. Mama Skola, nisikilize. Mwambie amwage maji yanayochemka, moja kwa moja kwenye kimea. Kitaungua, hakitatoa utamu wowote. Pombe haitakuwa pombe. Kabla ya mvua kubwa Skola yuko hapa na mjukuu wangu mgongoni."

Nikamwambia, "Baba Skola, hiyo ni dhambi."

"Dhambi ni ipi? Wewe huendi ziwani? Huoni watu wanaoshuka kwenye maboti? Mtu mzima anatoka kwao na sufuria kichwani, mtoto mmoja amemshika, wengine hajui walipo. Watu wanakimbia kutoka huko Burundi, halafu wewe ukae umfundishe mwanao kupika pombe ya kumpeleka huko huko?"

Gaspa naye aliyekuwa amelala akasema kutoka ndani, "Baba ana hoja." Kijana huyu hajawahi kumuunga mkono baba yake tangu azaliwe.

Skola, nisikufiche. Nilichukua kalamu nikaanza barua hii na nikaandika kama alivyosema. Karatasi ile nimeitia jikoni, lakini niliandika. Maji ya kuchemka, nikaandika, tena mengi. Nikakaa nikayatazama. Nilikuona unashuka kwenye lori pale sokoni, umechoka, Anjela mgongoni, na moyo wangu ukafurahi. Halafu nikakutazama vizuri zaidi nikaona mgongoni hakuna mtu. Maana mtoto ni wa ukoo wa baba yake, watasema hivyo, na mke aliyekataliwa hatasikilizwa na yeyote. Utarudi umenyamaza, na Renovati anaangalia chini. Ndiyo nikaichoma.

Nikaenda kwa bibi yako, yupo kibarazani anaota jua.

"Mama," nikamwambia, "unakumbuka uliponipa mrija?"

"Nakumbuka na ninajuta," akasema.

Hili hujawahi kulisikia vizuri, ulikuwa unasikia tu tunataniana. Kwetu sisi Waha nako, kule Kasulu, nilipokelewa hivyo hivyo kwa mtungi. Nilikuwa msichana mwembamba, nimepika pombe yangu na hofu tele, na huyu bibi yako wakati huo alikuwa anaogopwa kijiji kizima. Akavuta. Akavuta tena. Kisha akanipa mrija. Na mama yangu alikuwa amenifundisha kwamba unapopewa mrija, usinywe hapo hapo. Yule anayepewa ana neno lake. Kabla hajanywa anaweza kuomba jambo moja, na pombe ikiwa nzuri, watu wote wameshaionja kwa macho, wanasubiri zamu yao, haiwi rahisi kumkatalia.

Nikaushika mrija nikasema, "Mama, nitakunywa. Naomba mume wangu akipata kazi mjini Kigoma, niende naye, nisiachwe shambani."

Mwanamke mmoja akasema, "He, mrija haujalowa, ameshahama." Bibi yako akasema, "Kunywa, pombe inapoa," wakati pombe ya mtama haina kupoa. Ndiyo maana wewe umezaliwa Kigoma mjini, hukuzaliwa shambani. Mpaka leo anasema, "Ningejua, ningeushika mrija wangu." Lakini anaishi kwangu, ananyweshwa uji na mimi, na mwezi uliopita aliwaambia wageni kwamba mimi ni binti yake na baba yako Leonsi ndiye aliyeolewa humu.

Nikamuuliza, "Mama, Warundi nao wana neno la mrija?"

"Warundi na sisi tunachota maji mto mmoja. Lakini mimi sijaolewa Burundi, nenda kaulize."

Nilikwenda Gungu kwa yule mama wa Kirundi anayeuza muhogo mkavu, aliyebaki kwa sababu ameolewa na mtu wa hapa. Alikuna kichwa. Akasema kwao wengine wanalo, wengine hawana, inategemea nyumba. Kisha akasema, "Lakini impeke ikiwa nzuri, mama, nani atamnyima neno aliyeipika?" Hilo ndilo nililoondoka nalo. Silo la uhakika, nakuambia kama lilivyo.

Basi sikiliza sasa kipimo. Nimekijaribu mwenyewe wiki hii, kwa dumu kama la kwenu, si kwa jicho, na majirani wameinywa yote.

Anza mwisho, urudi nyuma. Usiulize una maji kiasi gani, jiulize unataka mtungi uwe na nini. Unataka madumu mawili, si zaidi, usitake sifa. Lakini moto nao unakunywa. Ukiichemsha mpaka povu lishuke, nusu dumu linaondoka na mvuke. Kwa hiyo kabla ya kuweka motoni, uwe na madumu mawili na nusu yaliyochujwa. Kimea nilichokutumia ni debe moja la kusawazisha kwa mkono. Hicho kitakunywa karibu dumu zima, ukihesabu na maji yanayobaki kwenye kikapu na kwenye kuta za chombo. Jumla utahitaji madumu matatu na nusu. Azima, panga foleni, mtume Renovati naye apange, siyo kuangalia chini tu. Usiwashe moto kabla maji hayo hayajakaa ndani, na mengine kidogo pembeni ya kuoshea.

Maji ya kwanza ni madumu mawili. Yachemshe, lakini usiyatumie yakiwa yanachemka, baba yako anajua kwa nini. Kila sufuria mbili za moto changanya na moja ya baridi. Chovya kidole, kikiweza kukaa kwa raha maji yamepoa mno, na kikishindwa kabisa kuingia yamezidi moto. Mimina unga kidogo kidogo ukikoroga kwa mwiko, usifanye madonge. Kisha funika, zungushia blanketi kama mgonjwa wa homa, na uache muda wa misa nzima, ile ya padri mwenye mahubiri marefu. Usifunue kuchungulia. Wewe ulikuwa hodari wa kufunua. Nilikuwa nikisikia kifuniko kinalia naita "Skola," na wewe unajibu uko mbali, huku sauti iko hapo hapo.

Ukifunua kwa haki, onja. Ikiwa tamu kama togwa, kimea kimefanya kazi yake. Chuja. Litatoka dumu moja na kidogo, na usiogope. Hapo ndipo ulipoogopa. Maji hayakuibwa, yamenywewa, na uliyajua tangu mwanzo.

Sasa maji ya pili, ya kuyaosha machicha, dumu moja na nusu. Haya hayanywewi. Watu wengi hukosea hapa, wanaongeza mengine kwa sababu wanadhani kimea kitakunywa tena. Hakinywi, kimeshashiba. Unachomimina ndicho kinachotoka. Yawe ya moto kama yale ya kwanza, umimine kwa kata, polepole, pembeni na katikati, ukiyapa nafasi ya kushuka na utamu uliobaki. Usimwage kama anayezima moto. Na kila mara onja linalodondoka. Utamu ukikatika, simama, hata kama dumu bado lina maji. Ukiendelea, makapi yanaanza kutoa uchungu wao, na ule uchungu mama mkwe wako ataujua kabla hajameza. Yatakayobaki mwogeshe Anjela.

Chemsha, ipoe mpaka iwe ya kumwogeshea mtoto mchanga, ndipo utie chachu. Nimekufungia konzi moja ya kimea kando kwenye kitambaa cheupe, hicho usikipike, ndicho chachu yako. Acha ikae ichemke yenyewe kwa ubaridi wake. Ikianza kuongea mtungini, waambie wageni waje kesho yake.

Kimea hiki ni kimoja tu, Skola. Mtama mwingine sina mpaka mavuno, na yeye amesema mara moja. Ndiyo maana nakuandikia kirefu hivi na mkono unaniuma.

Ukipewa mrija, usinywe upesi. Ushike kwa mikono miwili, umwite mama, useme unaomba neno. Mimi ningeomba hivi: kwamba hamtavuka, wewe na mtoto, mpaka mmoja wa shemeji zako atangulie, aone nyumba kama ipo na watu kama wanalala usingizi, arudi kwa miguu yake aseme. Akirudi na habari nzuri, nenda na mumeo, sitakushika mguu. Baba yako atanuna, namjua, atapona. Lakini hilo ni neno langu mimi. Mrija utakuwa mkononi mwako, na wewe ndiye uliyelala huko kwenye turubai, ndiye unayemjua yule mwanamume anapoinua kichwa. Ukiwa na lingine, sema lako. Na kama atakujibu kwamba kwao hakuna neno la mrija, basi kunywa, mwanangu, usimwaibishe mbele ya watu, na mimi nitabaki na Mungu wangu.

Tangu Bi Zuhura anieleze, sijala nikashiba. Nikisikia lori linapunguza mwendo barabarani natoka nje na mikono ya unga. Odilia ananicheka. Jana nilitoka, kumbe ni lori la mawe.

Tafadhali nijibu haraka. Bi Zuhura atakaa hapo sokoni mpaka dagaa wake waishe, na nimemwomba auze polepole safari hii, amekubali huku ananung'unika. Kama mtungi utakuwa umeshawekwa kabla hajaondoka, mwambie tu kwa mdomo, usipoteze muda wa kuandika: ulipoushika mrija, ulisema nini. Na kama hukupewa, usimtume na neno lolote. Mbebe mtoto kabla hawajaamka vizuri, upande naye lori hilo hilo, mje.

Ni mimi,
mama yako mzazi,
Mama Skola wa Katubuka.